Gari Mwenyewe

Iko nchi moja ambayo jina lake hatutalitaja, kwa sababu wenyewe hawapendi kitu chao kishikweshikwe na kila mwenye mdomo. Inatosha kusema kwamba ni nchi tulivu, yenye wimbo wa taifa mrefu na barabara fupi, na kwamba wakati wa mambo haya ilikuwa na Gari.

Si kwamba magari mengine hayakuwako. Yalikuwako, yakikohoa, yakisukumwa, yakibeba watu na mihogo kwa pamoja. Hayo yalikuwa magari tu. Huyu alikuwa Gari: mweusi, mrefu, mwenye mng'ao wa kutosha waziri kujinyolea ndevu mbele yake. Alitolewa zawadi na nchi rafiki, ambayo nayo, kwa kutopenda makuu, ilikubali kupokea mlima mmoja tu wa dhahabu.

Msomaji asidhani tumeteleza kusema "huyu". Mtukufu Baba wa Mng'ao, aliyekuwa rais wa nchi hiyo na bado ndiye, alimpenda Gari hata ikawa inamkata maini kusikia watu wakisema "gari limeoshwa", kana kwamba wanazungumzia beseni. Akatangaza kwamba Gari atolewe kwenye ngeli ya vitu na kuingizwa kwenye ngeli ya watu. Bunge likapitisha kwa makofi. Tangu hapo ikawa: Gari ameamka, Gari ameoshwa, Gari wetu mpendwa.

Ili sheria hiyo ifuatwe, ikaundwa Wizara ya Upatanisho. Wananchi walipolisikia jina hilo walifurahi sana, maana palikuwa na ugomvi wa mashamba na visima, na ndugu waliokuwa hawazikani. Wakajaa mlangoni na kesi zao. Walielezwa kwa upole kwamba upatanisho uliokusudiwa ni ule wa kisarufi. Warudi makwao wakaendelee kugombana, ila wagombane kwa viambishi sahihi.

*

Dereva wa Gari aliitwa Ndaro, mtu wa makamo, mpole, mwenye kutembea kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Cheo chake kilikuwa Dereva Mkuu wa Taifa, na kazi yake kubwa ilikuwa kutomwendesha Gari. Safari ina kokoto, kokoto zinaruka, na zikiruka zinatafuta rangi. Kwa hiyo kila asubuhi Ndaro alivua viatu, mkanda, saa na pete ya ndoa, akaingia kwa soksi, akawasha injini ili Gari apumue, akazima, akatoka kinyumenyume. Mtukufu mwenyewe alikwenda kwenye shughuli za kitaifa kwa bodaboda, nishani zikilia kifuani, mikono ameizungusha kiunoni mwa mwendeshaji, ving'ora mbele na nyuma. Wananchi walipomwona akipita namna hiyo walilengwalengwa na machozi kwa jinsi anavyojinyima.

Ndaro alimpenda Gari kweli, hilo lazima lisemwe. Wengine walimpenda kwa sababu ya cheo. Yeye alimpenda kwa kumgusa. Ndiye aliyewaambia wakubwa, kwa nia njema kabisa, kwamba utomvu wa mti ukidondoka hula rangi. Wakubwa wakakata miti yote ya mji. Jua likawa kali, na jua nalo hupausha rangi; ikaanzishwa Zamu ya Kivuli, wananchi wanene na warefu wakawa wanasimama upande wa mashariki asubuhi na upande wa magharibi jioni. Akasema pia, kwa bahati mbaya, kwamba vumbi likifutwa kwa kitambaa kikavu huchora. Wakulima wa pembezoni wakakatazwa kulima, maana jembe hutifua vumbi. Baada ya hapo Ndaro alijifunza kufunga mdomo, lakini nchi ilikuwa imeshaanza kula mlo mmoja.

Shughuli kubwa ilikuwa siku ya Ijumaa, Gari anapooshwa. Watu walijitolea kumwosha, na viganja vyao vikakaguliwa ili visije vikamchubua. Viganja vya wakulima vilikuwa na sugu. Vya mafundi vilikuwa na sugu. Akina mama wa sokoni walikutwa na magamba ya samaki mpaka kwenye kucha. Ukaguzi ulipoendelea ikagundulika kwamba viganja laini kuliko vyote nchini vilikuwa kwenye Baraza la Mawaziri. Basi mawaziri wakakunja suruali, wakashika sifongo. Kwa wengi wao ilikuwa kazi ya kwanza maishani, na ni haki kusema waliifanya kwa bidii. Siku hiyo mabomba ya mji mzima yalifungwa ili maji yawe na nguvu upande wa Gari, na sabuni ilionjwa kwanza na Naibu Waziri, kuhakikisha haina ukali.

*

Sasa kuna neno moja ambalo ni lazima tulieleze kabla hatujaenda mbele. Katika nchi nyingi, watumishi wa umma wakionekana wameanza kushika kutu, hupelekwa semina, wakanywa chai, wakala sambusa, wakarudi. Na magazeti huandika kwamba wamepigwa msasa. Katika nchi hii pia watu walipigwa msasa. Sambusa tu ndizo hazikuwako. Kulikuwa na Kituo cha Msasa huko bondeni, nyuma ya ukuta mrefu, na aliyekwenda huko alirudi amelainika.

Ndaro alikuwa na mfano nyumbani kwake. Shemeji yake Kondo, kaka wa mkewe Siwema, alikuwa kinyozi mwenye maneno mengi kuliko nywele alizonyoa. Siku moja, mkasi mkononi, Kondo alisema mbele ya wateja, "Gari lile ni zuri, sikatai, lakini lishamfikisha mgonjwa gani hospitali?" Kabla mteja hajafutwa nywele shingoni, Kondo alikuwa ameshachukuliwa. Maneno yake yalisamehewa, kwa kuwa nchi ile inaheshimu uhuru wa mawazo. Kisichosameheka kilikuwa "lile", na "li" iliyofuata.

Aliporudi, hakuwa na alama yoyote mwilini. Alikaa ukutani, mikono magotini, anatazama mbele. Siwema alipika wali na ugali kwa pamoja, apate kumchangamsha kaka yake.

"Kaka, utakula wali au ugali?"

"Kama itakavyoelekezwa," Kondo akajibu.

"Kondo, ni mimi Siwema. Hapa hakuna mtu. Unataka kipi?"

"Kama itakavyoelekezwa."

Siwema alilia hadi chakula kikapoa. Tangu siku hiyo Ndaro alikuwa anaogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kukaa kwenye ule ukuta pembeni ya shemeji yake, wote wawili wakisubiri kuelekezwa.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mzito. Kila jioni Siwema alimfanyisha mazoezi jikoni.

"Haya sema. Gari..."

"Gari li..."

"Mume wangu!"

"Gari a... amechafuka."

"Lenyewe au mwenyewe?"

"Lenyewe."

"Unataka kuniacha mjane na shemeji yako hivi alivyo? Mwenyewe! Gari mwenyewe. Rudia."

Alirudia mpaka mboga zikaungua. Asubuhi, mbele ya wakubwa, alitikisa kichwa tu na kusema "naam", akasifiwa kwa unyenyekevu.

*

Ijumaa ya balaa ilikuwa na sherehe kuliko Ijumaa nyingine. Mtukufu alikuwa amejitunuku asubuhi hiyo Nishani ya Mlinzi Mkuu wa Rangi, nyota ya chuma kubwa kama sahani ya birika, yenye ncha pande zote. Alivaa sare nyeupe. Mawaziri walimaliza kumsuuza Gari, wakamkausha kwa taulo, wakampaka nta. Ukafika wakati wa Mkumbatio. Kila Ijumaa Mtukufu alimkumbatia Gari mbele ya taifa, ili taifa lijue upendo unavyopaswa kuwa.

Akafungua mikono, akajilaza juu ya boneti kwa kifua chote.

Krrrrr.

Ndaro alikuwa amesimama karibu na taa ya mbele, kitambaa begani. Alisikia. Mawaziri walisikia. Bendi ilisikia pia, kwa hiyo ikapiga kwa nguvu zaidi. Mtukufu alipoinuka, palikuwa na mkwaruzo katikati ya boneti, mrefu kama shubiri ya mtu mzima, mweupe, na ulikuwa umeingia ndani hasa.

Mtukufu aliutazama.

"Nani," akasema, "nani amemuumiza?"

Waziri wa Mng'ao, Profesa Mapulizo, alitazama mawingu. Mpiga tarumbeta alitazama tarumbeta. Ndaro alitazama soksi zake, maana alipoinua macho mara moja tu aliona kwenye ncha ya ile nishani kipande cha rangi nyeusi kimening'inia, kidogo kama punje ya ufuta.

*

Ikaundwa Tume ya Mkwaruzo, Profesa Mapulizo akiwa mwenyekiti. Tume ilifanya kazi bila kulala, isipokuwa mchana. Ilimkamata kunguru na kumhoji, kunguru akakana. Ilichunguza upepo wa kusini, ikabaini una chuki za muda mrefu, lakini haukupatikana. Mbuzi wa mjane mmoja alikaa mahabusu mpaka akazaa. Mwishowe tume ikarudi mbele ya Mtukufu, na Profesa akasimama, kijasho chembamba kinamtoka.

"Mtukufu, tume yako imejiridhisha. Mkwaruzo umesababishwa na kitu cha chuma chenye ncha, kilichokuja kutoka upande wa mbele, kwa upendo mkubwa mno, kikaondoka bila kujua."

Ukumbi mzima ukatazama dari.

"Kitu hicho kimepatikana?" Mtukufu akauliza, akiinama mbele, nishani ikagonga meza.

"Kinaheshimiwa, Mtukufu. Samahani, kinatafutwa."

Mtukufu akapiga ngumi. "Nimechoka na maneno! Yeyote aliyekuwa karibu zaidi na mkwaruzo huu, apigwe msasa. Tena leo hii, kabla jua halijatua!" Akatoka, akapanda bodaboda, akaenda kufungua choo cha soko.

Vichwa vyote vikageuka kumtazama Ndaro, na walio jirani naye wakasogeza viti.

Nchi ile haimpeleki mtu msasa kienyeji. Ni lazima kwanza aulizwe, ajitaje mwenyewe kwa hiari yake. Huo wanauita ushirikishwaji wa wananchi. Wa kuuliza alikuwa Kamishna wa Upatanisho, Bi. Zamaradi, mwalimu wa zamani, miwani yenye kamba shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu sahihi, na watu wengi waliona afadhali angekuwa mbaya.

"Ndugu Ndaro," akasema, "usiogope, jibu tu. Nani alikuwa karibu zaidi na mkwaruzo?"

Ndaro akapima. Akisema "mimi", kesho yuko ukutani na Kondo. Akisema aliyekuwa karibu hasa, aliyelala juu yake kwa kifua, basi hata soksi zake Siwema asingezipata. Alitaka kuwaomba tu, awaambie wakubwa zangu, mkwaruzo si uko juu ya gari lenyewe, mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Lakini yale maneno yote yakakwama njiani. Yakapenya mawili. Na kwa hofu aliyokuwa nayo, upatanisho uliomkataa siku zote ukatoka umenyooka.

"Gari mwenyewe," akasema.

Bi. Zamaradi akavua miwani.

"Upatanisho sahihi," akasema taratibu. "Nimepokea jibu."

Profesa Mapulizo akacheka. "Mama, huyu mtu anatuchezea. Yaani Gari ndiye..."

"Mheshimiwa, mimi nimeuliza nani. Unadai Gari si nani?"

"Sikusema hivyo."

"Ni nini, basi?"

Profesa akashika kifua. "Mungu aniepushe, mama! Mimi sijawahi kusema Gari ni nini. Gari ni nani. Ni nani kabisa, tangu utoto wangu."

"Na mkwaruzo uko wapi?"

"Uko juu yake."

"Yupo aliye karibu na mkwaruzo kuliko aliye nao mwilini?"

Profesa akamtazama kila mtu aliyeweza kumsaidia, na kila mtu akawa na shughuli na vifungo vya shati lake. "Hayupo," akasema.

"Basi Mtukufu ameshaagiza."

Ungedhani mmoja wao angemfuata Mtukufu huko chooni kumuuliza vizuri. Lakini kumuuliza ni kumwambia hakueleweka, na katika nchi ile Mtukufu asipoeleweka, kosa ni la masikio. Wakatoka kwenda kutekeleza.

*

Kituo cha Msasa kikaletwa kwa Gari, kwa kuwa Gari hakuweza kupelekwa kwenye Kituo. Njiani kuna kokoto. Mkufunzi akasimama mbele ya taa na kutoa mada iliyoitwa Wajibu wa Mwananchi Kunyamaza kwa Hiari. Gari alisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Akaulizwa kama ana swali, akanyamaza. Akaulizwa kama ana maoni tofauti, akanyamaza. Akaulizwa kama anaunga mkono, akanyamaza, na kimya chake kikahesabiwa ndiyo, kama kinavyohesabiwa cha wengine. Mkufunzi alikiri hajapata mwanafunzi wa namna hiyo.

Hapo ndipo pakazuka tatizo. Mtu hujulikana kwamba amepigwa msasa kwa sababu alikuwa akisema na sasa hasemi. Gari hakuwa akisema tangu mwanzo. Mtukufu akirudi, ataonyeshwa nini? Jua lilikuwa linashuka. Wakakuna vichwa, mpaka askari mmoja aliyesimama nyuma, mtoto wa seremala, akasema kwa woga:

"Samahani, wakubwa. Msasa si ile karatasi ya kukwangulia mbao?"

Wakamgeukia wote.

"Karatasi gani?" akauliza Profesa.

"Ile yenye mchanga. Baba alikuwa anaitumia kwenye vitanda."

"Kumbe msasa upo kweli!" Profesa akasema, na uso wake ukajaa nuru, maana alikuwa amepeleka watu wengi kupigwa kitu asichokijua.

Msasa ukaletwa kutoka kwa maseremala, wenye chembe nene kuliko wote. Juu ya nani wa kuupiga hapakuwa na ubishi, viganja vya mawaziri vilishapitishwa. Wakakunja mikono ya mashati, wakaanza na boneti.

Sauti ile Ndaro hakuisahau. Mtu aliyekuwa akipuliza vumbi kwa mdomo kwa kuogopa kitambaa, leo anatazama rangi inatoka kwa viganja, inashuka chini nyeusi, inawaingia mawaziri puani. "Jamani, rangi!" akapiga kelele. "Waheshimiwa, hiyo ni rangi, mtaimaliza!"

"Ndaro, nyamaza," Profesa akamwambia bila kugeuka, huku malengelenge yameanza kumtoka. "Usije ukawa karibu."

Neno "mimi" lilikuja mpaka kwenye meno. Angeweza kulisema. Angesema mimi ndiye niliyekuwa karibu, mwacheni, nichukueni mimi, na msasa ungesimama pale pale. Akamfikiria Kondo, akamfikiria Siwema na wali wake unaopoa, akalimeza. Kisha akakaa chini kwenye lami na kulia. Alilia kwa kuwa alimpenda Gari, na alilia zaidi kwa kugundua kwamba anajipenda mwenyewe kuliko Gari.

*

Asubuhi Mtukufu alifika kwa bodaboda, sare nyeupe imepigwa pasi. Gari alisimama mahali pake pa siku zote. Alikuwa wa kijivu, mabaka mabaka, ana michirizi kama ukuta uliokwanguliwa na paka. Mawaziri walikuwa wamejipanga, mikono nyuma, vidole vimefungwa bandeji.

"Mtukufu," Profesa akasema, "agizo lako limetekelezwa. Amepigwa msasa vilivyo. Ule mkwaruzo hauonekani tena."

Na hapo Profesa hakusema uongo, ingawa haikuwa kawaida yake. Mkwaruzo haukuonekana kabisa, ungeutafutia wapi?

Mtukufu, kwa mazoea, alikuwa ameshafungua mikono. Akajilaza, akakumbatia, akainuka. Kifua chake chote kilikuwa cheusi kama amelalia gunia la mkaa. Akajitazama. Akaitazama boneti. Bendi ikashusha vyombo.

"Hili," akasema mwishowe, "hili ni nini?"

Mtu mmoja akadondosha ndoo. Bi. Zamaradi akaandika neno hilo. Walioshuhudia mapinduzi katika nchi nyingine wanasema huanza kwa mizinga. Hapa raia wa daraja la kwanza alianguka kwa silabi mbili.

"Liondoeni!" Mtukufu akafoka, sauti imepasuka kwa uchungu. "Sitaki kuliona! Na lile lidereva lake, limesimama pale linalialia nini? Nalo liondoke nalo!"

Akapanda bodaboda. Nyuma yake wote wakageuka kumtazama Kamishna.

"Upatanisho sahihi," akasema Bi. Zamaradi kwa sauti ndogo.

Lakini gari la Kituo cha Msasa lilikuwa limeshafika getini, na Kituo hakirudi mikono mitupu. Sajenti akamshika Ndaro bega. "Twende, ndugu yangu. Aliyepigwa jana kumbe si mtu, na ni lazima apatikane mtu."

"Nani ndugu yako?" Bi. Zamaradi akauliza, akivaa miwani.

"Huyu dereva, mama."

"Hujamsikia Mtukufu? Au unamkosoa?"

Sajenti akatoa mkono haraka.

"Agizo linasema yeyote aliyekuwa karibu. Halisemi lolote lililokuwa karibu. Kitu hakipigwi msasa, Sajenti. Hakiitwi mkutanoni, hakipangwi Zamu ya Kivuli, hakipigi makofi, hakiimbi. Hili halimo."

"Sasa lifanyeje?"

"Liende tu."

Ndaro alimtazama yule mama, akaona jicho lake moja limefumba kidogo. Huenda ilikuwa vumbi la rangi.

*

Akavaa viatu. Akavaa mkanda, saa, na pete yake ya ndoa. Akaingia na viatu vyake, akafunga mlango kwa kuupiga, kitu ambacho alikuwa akitamani kukifanya tangu aajiriwe, akatia gia. Lidereva likatoka getini na gari lake.

Kokoto zikaruka. Kila moja ilipogonga bati Ndaro alifumba macho kwa mazoea, halafu akakumbuka hakuna cha kuharibika, akakanyaga mafuta. Mbele akamkuta mama amekaa na mafungu ya mihogo.

"Baba, gari hili linapakia?"

"Linapakia, mama. Panda."

Mihogo ikawekwa juu ya paa, ikaburuzwa, haikumuuma mtu. Mbele tena palikuwa na mzee aliyevimba mguu, wanawe wanambeba kwenye kitanda cha kamba kumpeleka hospitali, wamekata tamaa nusu ya njia. Ndaro akasimama, wakamwingiza mzee kwenye kiti kile cha ngozi ambacho hakijawahi kukaliwa na mtu yeyote, mguu ukanyooshwa, wakampeleka hadi mlangoni kwa daktari. Mzee alitaka kujua ashukuru nani. Ndaro akamwambia hakuna nani hapa, mzee wangu, pona tu.

Siwema alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Habari za jana zilikuwa zimemfikia, za asubuhi bado. Alikuwa ameshafunga nguo za mumewe kwenye kitambaa, kama alivyofanya kwa kaka yake. Alipoona lile gari la kijivu linasimama, kuku wanaruka, na Ndaro anateremka mzima, akashindwa hata kumkimbilia.

"Umerudi?" akauliza.

"Limerudi, mke wangu."

Akamsimulia yote pale pale, nishani na kunguru na msasa, mpaka "lidereva". Siwema alianza kulia, katikati akachanganya, mwisho akawa anacheka ameshika mwimo wa mlango asianguke.

"Basi liingie ndani," akasema, akijifuta macho kwa kanga. "Linawe, lile, lilale. Limeniua roho tangu jana."

Kondo alikuwa ukutani pake, mikono magotini. Hawakuona alipoinuka. Walimwona ameshafika kwenye gari, anapitisha kiganja juu ya boneti ile yenye michirizi, polepole, jinsi alivyokuwa akipima kichwa cha mteja kabla hajashika mkasi. Akalizunguka lote. Akatazama barabarani huku na huku, kisha akamsogelea Ndaro sikioni.

"Shemeji," akanong'ona, "huko kwenye li, kuna nafasi ya kitu kimoja zaidi?"